Kabla ya kukariri istilahi za fasihi, tuulize zilitoka wapi

NILIKUWA nyumbani Myanga, Kaunti ya Bungoma, likizo ya Desemba iliyopita. Jioni moja mjukuu wa ndugu yangu, msichana anayejiandaa kuingia Kidato cha Nne, alikuwa ameketi barazani akikariri kwa sauti kutoka kwenye daftari. Upande wa kushoto wa ukurasa alikuwa ameandika istilahi za Kiingereza: 'metaphor', 'irony', 'hyperbole'. Upande wa kulia zilikuwa za Kiswahili: sitiari, kinaya, chuku. Alizisoma mbili mbili, kama mtu anayehesabu mifugo ikiingia zizini.

Mchana wa siku hiyo tulikuwa tumetoka matangani. Mzee mmoja mwenye heshima zake alikuwa amezikwa, na kama ilivyo desturi ya Wabukusu, siku chache baadaye aliitwa mlumbi aje kuswala kumuse. Msomaji asiyejua mila hii aelewe kwamba si kila mtu huruhusiwa kuifanya, na si kila marehemu hufanyiwa. Mlumbi hutembea huku na huku uwanjani akiwa na fimbo yake, watu wameketi kimya, naye husimulia historia ya jamii na koo zake, huonya, husuta, hufariji. Mlumbi wa siku hiyo alimwita marehemu mvule uliowapa ndege makao, kisha akauliza ndege wataenda wapi sasa.

Basi nikamuuliza yule msichana: "Mzee alipomwita marehemu mvule, hiyo ni mbinu gani ya lugha?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kuka, hiyo si fasihi," alinijibu. Kuka ndiyo babu kwa Lubukusu. "Hayo ni mambo ya matanga tu. Mwalimu ametupatia mifano yetu."

Nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi haraka. Nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, katika miaka ya sabini, ningejibu vivyo hivyo. Makala haya ni jaribio la kueleza kwa nini.

Sisi tuliosoma kabla ya mfumo wa 8-4-4 tulikutana na istilahi za fasihi kwa Kiingereza tu. Mtihani wa CPE uliotutoa shule ya msingi ulikuwa na karatasi ya Kiingereza, ya Hesabu na ile ya masomo mchanganyiko. Kiswahili hakikutahiniwa. Lugha ya mama ndiyo usiseme: katika shule niliyosoma, aliyepatikana akisema Lubukusu alivishwa kipande cha ubao shingoni, akakibeba hadi amnase mwenzake. Kwa hiyo tulikimbilia Kiingereza kwa miguu yote miwili. Kitabu tulichokiheshimu karibu kama Biblia kilikuwa First Aid in English cha Angus Maciver, mwalimu wa Uskoti, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1938. Humo tulijifunza majina ya makundi, vinyume, na orodha ndefu ya tashbihi. Tulijua kitu cheupe hulinganishwa na theluji, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa theluji. Kilele cha Mlima Elgon tulikiona asubuhi kukiwa hakuna mawingu, lakini hakuna aliyetuambia tulinganishe chochote nacho.

Tulikuwa pia na vijitabu vya maneno magumu. Ukikutana na neno refu gazetini, unalinakili, unalitafuta kwenye kamusi, kisha unangoja nafasi ya kulirusha katika insha au, afadhali zaidi, mbele ya wasichana wa shule jirani. Aliyekuwa na maneno mengi yasiyoeleweka ndiye aliyeitwa msomi. Sisemi hayo kwa dharau. Msamiati ule ulitufungulia milango, na mimi ni mmoja wa walioingia. Hata hivyo, tulichukua pamoja na maneno hayo wazo moja ambalo hatukulichunguza: kwamba fasihi ni kitu kilichoandikwa, kinachotoka mahali pengine.

Wazo hilo limo ndani ya neno lenyewe. 'Literature' linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya herufi. Ukilifuata hadi kwenye mzizi wake, pasipo herufi hapana fasihi. Mlumbi wa Myanga, ambaye hakuhitaji kalamu, anaachwa nje ya mlango hata kabla ya kufungua kinywa.

Wasomi wa Afrika Mashariki waliliona tatizo hili mapema. Tarehe 24 Oktoba 1968, wahadhiri watatu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walikuwa Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado anaitwa James Ngugi. Hoja yao ilikuwa kwamba Afrika iwekwe katikati ya masomo, na kwamba sanaa ya mdomo ifundishwe kwa uzito wake. Idara ikaja kuwa ya Fasihi badala ya Kiingereza. Mwaka 1974 walimu na wahadhiri wakakutana katika shule ya Nairobi School kujadili namna ya kuyapeleka mageuzi hayo hadi shule za sekondari.

Hapo ndipo neno likawatatiza. Kwa Kiingereza walisema 'oral literature'. Ukilitafsiri kwa kufuata mizizi, ni sawa na kusema 'maandishi ya mdomo'. Mwanaisimu Mganda Pio Zirimu aliona mkanganyiko huo akabuni neno jipya, 'orature', lisilotaja herufi kabisa. Ngũgĩ alilipenda, akalitumia na kulitetea kwa miaka mingi. Lakini tazama gharama yake: ilibidi Kiingereza kiundiwe neno ndipo kiweze kumwona mlumbi.

Je, Kiswahili kilihitaji ukarabati huo? Hebu tulichunguze neno letu.

Fasihi ni neno lenye asili ya Kiarabu, na asili hiyo haina uhusiano wowote na herufi. Inahusu ulimi. Msemaji fasihi ni yule anayenena kwa uwazi, kwa usafi na kwa kuvutia. Ndiyo maana tuna ufasaha, na ndiyo maana tunasema fulani anaongea kwa ufasaha hata kama hajui kusoma. Katika kamusi za enzi za mkoloni, fasihi ilikuwa sifa ya mtu au ya lugha yake. Baadaye ndipo likawa jina la taaluma tunayoijua leo.

Jambo la kushangaza ni kwamba Waarabu wenyewe hawaiiti fasihi kwa jina hilo. Wao husema 'adab'. Neno hilo nalo tunalo, ila sisi tulilifanya adabu, yaani heshima na mwenendo mwema. Kwa hiyo Kiswahili kilipotafuta jina la sanaa ya lugha, kilikuwa tayari kimeshampa adabu kazi ya kulea watoto, kikamchukua fasihi. Sidhani kuna kamati iliyokaa ikapima jambo hili kwa mizani, lakini matokeo yake ni makubwa. Tunaposema fasihi simulizi hatujipingi. Fasihi ilianza mdomoni. Fasihi andishi ndiyo mgeni aliyekuja baadaye na kupewa kiti.

Kwa maneno mengine, jibu la mjukuu wangu lilikuwa kosa kwa mujibu wa neno alilolitumia yeye mwenyewe. Ati ulumbi wa matanga si fasihi! Kwa kufuata mzizi wa neno, ulumbi ndio wenye nyumba.

Sasa tugeukie daftari lake. Istilahi za upande wa kulia zimetoka katika visima zaidi ya kimoja, na kila kisima kina historia yake.

Kisima cha kwanza ni balagha, elimu ya Waarabu kuhusu namna maneno yanavyofikisha maana na kuvutia. Elimu hii ilikuwa imekomaa kufikia karne ya 11, alipoishi Abd al-Qahir al-Jurjani, mmoja wa magwiji wake. Humo ndimo mlimotoka tashbihi, yenye mzizi wa kufanana. Humo ndimo mlimotoka tashihisi, yenye mzizi wa mtu, kwa kuwa kisicho mtu hupewa utu. Na humo ndimo mlimotoka istiara, yaani kuazima. Mlumbi alipomwita marehemu mvule aliuazima mti, akamvisha mtu. Wagiriki nao walilitazama jambo hilo hilo wakaona kubeba kitu kutoka mahali hadi mahali. Ndiyo maana ya 'metaphor', na hata leo ukienda Athens utaliona neno hilo kwenye malori ya kuhamisha mizigo. Mwarabu aliona kuazima, Mgiriki akaona kubeba. Mwanafunzi akielezwa hivyo mara moja, atahitaji kukariri tena?

Kisima cha pili ni cha malenga wa pwani na watunzi wa bara waliowafuata. Ubeti unatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Mizani ni ile ile ya dukani ya kupimia sukari. Kibwagizo kinatoka katika kubwaga: mtunzi anautua mzigo kila mwisho wa ubeti kabla ya kuubeba tena. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliyaweka maarifa ya aina hii katika maandishi ya Kiswahili ili hata kijana asiye na malenga wa kumfundisha aweze kujifunza. Chuku nayo ina asili ya kupendeza. Ni pembe ya kuumikia, ile ambayo mganga huibandika mwilini mwa mgonjwa, akavuta hadi ngozi ikavimba. Anayepiga chuku anayavimbisha maneno.

Kisima cha tatu ni vyuo na vyombo vya lugha baada ya uhuru. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa Tanzania mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilifanya kazi kubwa ya kuunda na kusanifisha istilahi. Wahakiki wa chuo hicho, kama F.E.M.K. Senkoro, waliandika na kufundisha uhakiki kwa Kiswahili. Dhamira, maudhui, mbinu rejeshi na wenzao wakazoeleka madarasani.

Kenya tulichelewa kuufikia mkondo huu, halafu tukauingia kwa kasi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Ghafla walimu waliosoma fasihi kwa Kiingereza, kama mimi, walitakiwa kuifundisha kwa Kiswahili. Tulifanya nini? Tulichora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto tukaandika tunachokijua, kulia tukatafuta neno la Kiswahili la kukiwakilisha. Daftari la mjukuu wangu sikupaswa kulishangaa. Ni kizazi chetu kilichomrithisha ule mstari.

Mstari huo umetuletea matatizo mawili. La kwanza ni la maana. Chukua kinaya. Shuleni tunakitumia kwa hali ambapo kinachotokea au kinachosemwa ni kinyume cha kinachotarajiwa. Katika balagha, hata hivyo, kinaya ilikuwa kitu kingine: kutaja jambo kwa kupitia dalili yake. Mfano wao maarufu ni wa kumsifu mtu kwamba ana majivu mengi. Majivu mengi ni kuni nyingi, kuni nyingi ni chakula kingi, na chakula kingi ni wageni wengi. Maana yake ni kwamba mtu huyo ni mkarimu. Nyanya yeyote wa Myanga angeielewa sifa hiyo bila kufafanuliwa. Sisemi turudi nyuma tukakitumie kinaya kama zamani, kwa sababu maneno huhama na lugha ina haki ya kuyahamisha. Ninasema mwalimu ajue kwamba neno limehama, ili asimchanganye mwanafunzi anayelikuta katika maana yake ya zamani.

Istiara ndiyo kizungumkuti zaidi. Sitiari na istiara ni ndugu wa mama mmoja, yaani ni neno lile lile la kuazima lililoingia kwa sura mbili. Shuleni Kenya, aghalabu sitiari ni ule ulinganisho wa moja kwa moja, nayo istiara ni hadithi nzima inayosimamia jambo jingine. Katika vitabu vingine istiara ni sitiari tu. Jazanda nayo kila mwalimu ana yake. Mtoto anayehama kutoka shule moja ya Kitale hadi nyingine ya Bungoma anaweza kukosolewa kwa jibu alilosifiwa nalo muhula uliopita. K.W. Wamitila alitusaidia sana alipochapisha Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003, lakini kamusi haiwezi kumsaidia asiyeifungua.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Ule mstari unamfanya mwanafunzi aamini kwamba Kiingereza ndicho chenye kitu chenyewe, Kiswahili kikiwa na jina lake la kuazima, na Lubukusu kikiwa hakina chochote. Anayedhani hivyo ajue kwamba Waingereza nao walipita njia hii hii. Mwaka 1589 kilitoka London kitabu kuhusu sanaa ya ushairi wa Kiingereza, ambacho wataalamu wengi wanasema mwandishi wake ni George Puttenham. Aliona istilahi za Kigiriki zinawalemea wenzake, akajaribu kuzipa majina ya nyumbani. 'Irony' aliiita dhihaka kavu. 'Hyperbole' akaipa jina la mwongo wa sauti kubwa. Majina yake hayakushika, na Waingereza wakabaki na Kigiriki hadi leo. Maneno yale tuliyoyanakili vijitabuni tukidhani ni ya Kiingereza tangu kuumbwa kwa ulimwengu yalikuwa ya kuazimwa vilevile. Kila lugha imebisha hodi kwa jirani. Kwa nini basi sisi tuone haya?

Ninakumbuka kazi moja iliyoanza kuuvunja mstari huo. Mwaka 1996 Ken Walibora alichapisha riwaya ya Siku Njema, ambayo baadaye ilitahiniwa katika KCSE. Mhusika mkuu, Kongowea Mswahili, anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale kumtafuta baba yake. Kwa wanafunzi wa huku kwetu lilikuwa jambo la ajabu. Kitale, mji tunaokwenda kununua mahindi na kupanda matatu, ulikuwa ndani ya kitabu cha mtihani! Taharuki na sadfa hazikuwa tena maneno ya ubaoni. Zilimtokea mtu kwenye barabara tunazozijua. Nimefundisha riwaya nyingi, lakini ni chache zilizonirahisishia kazi kiasi hicho.

Ninayaandika haya wakati ambapo jambo lenyewe lina uzito. Katika sekondari ya juu ya mtaala wa umilisi, Fasihi ya Kiswahili ni somo la kuchaguliwa. Hakuna tena lazima ya kumshika mtoto mkono. Akiliona somo hili kama daftari lenye safu mbili za maneno ya kukariri, atalikimbia, na sitamlaumu. Akiliona kama elimu inayompa majina ya mambo ambayo amekuwa akiyasikia tangu mgongoni mwa mama yake, huenda akabaki.

Kwa walimu wenzangu nina ombi dogo. Mkifundisha istilahi, anzeni na usemi wa nyumbani, msianze na fasili. Waulize wanafunzi: nyanya husemaje mtu akifariki, ili asilitaje neno 'kufa'? Wakishajibu, waambie hiyo ndiyo tasfida. Mlumbi alimwita marehemu nani? Hiyo ni sitiari, naye aliuazima mti. Kisha, bila woga, wapeni na jina la Kiingereza na historia yake, kwa sababu mtoto wa Kenya atalihitaji na ana haki nalo. Majina matatu kwa kitu kimoja ni utajiri, mradi kitu chenyewe kijulikane kwanza. Na pale vitabu vinapotofautiana, mwambieni mwanafunzi ukweli kwamba vinatofautiana. Wanafunzi si wajinga. Wanaweza kubeba ukweli huo.

Asubuhi iliyofuata nilimwita yule msichana, tukaketi. Sikumfundisha chochote kipya. Nilimwomba tu anisimulie alichokumbuka kutoka kwa mlumbi. Alianza kwa kusitasita, kisha maneno yakamtoka, mengi kuliko niliyoyakumbuka mimi. Kumbe alikuwa amesikiliza! Alipofika kwenye mvule na ndege, akanyamaza kidogo, akaliangalia daftari lake.

"Sasa kuka," akaniuliza, "nikiiandika hii kwenye mtihani, watanipa alama?"

Nilimwambia aiandike. Kisha nikamwambia ukweli: inategemea nani atakayesahihisha. Ndiyo sababu nimeandika makala haya, nikitumaini kwamba anayesahihisha naye husoma gazeti.